Je, sheria mpya za kuzuia zimeua opsheni katika futiboli ya vyuo vikuu?

"Mwanangu ana umri wa miaka 17 na anacheza futiboli ya Kimarekani katika shule ya sekondari hapa Ohio, tulikohamia kutoka Mombasa. Timu yao hucheza opsheni, naye ni mkimbiaji wa pembeni mwenye uzito wa kilo 75. Ndoto yake ni kuchezea mojawapo ya vyuo vya kijeshi. Watangazaji wa televisheni husema kwamba tangu wachezaji walipokatazwa kuwazuia wapinzani chini ya kiuno, opsheni imekufa. Tulikuwa tukitazama mchezo mmoja wa vyuo, na mchezaji mnene wa safu ya mbele akamwangusha mpinzani kwa kumpiga mapajani, wala hakuadhibiwa. Muda mfupi baadaye mwenzake mwembamba akafanya vilevile karibu na mstari wa pembeni, na timu ikaadhibiwa yadi 15. Mimi nimekulia kwenye kandanda na jambo hili linanitatiza. Sheria imebadilika vipi hasa? Na je, nimshauri mwanangu abadilishe nafasi kabla hajachelewa?"

Ndugu yangu, nikikuelewa vyema, wasiwasi wako si wa sheria peke yake. Unahofia kwamba kijana anatumia jioni zake akijifunza ufundi ambao, atakapofika chuoni, atakuta hauna mnunuzi. Nimefundisha safu ya mbele na wakimbiaji wa timu za opsheni kwa miaka mingi, na wazazi wengi wamenijia na hofu hiyohiyo. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu maneno ya mkato ya watangazaji ndiyo yaliyokutia hofu. Kilichokatazwa si opsheni, bali ni namna moja ya kuzuia, yaani ya kumwondoa mlinzi njiani ili asimfikie mwenye mpira, iliyokuwa ikiifungulia opsheni njia ya pembeni. Hasara hiyo ni ya kweli wala sitaipunguza, lakini haimwangukii mwanao kwa namna unayodhani.

Kwa kuwa umekulia kwenye kandanda, tuanzie huko. Umeshawaona winga na beki wa pembeni wakimwendea mlinzi mmoja: akimkaba mwenye mpira, pasi inatoka, akiifuata pasi, mwenye mpira anapita. Mlinzi huyo anaweza kuwa hodari kuliko wote wawili, na bado akashindwa, kwa sababu analazimishwa kuchagua huku wenzake wakisubiri uchaguzi wake. Opsheni ni hali hiyo iliyopangwa tangu mwanzo wa mchezo. Kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, anapokea mpira, fulubeki, yaani mkimbiaji wa katikati anayesimama nyuma yake, anapita mbele ya tumbo lake akielekea katikati, na mlinzi mmoja wa safu ya mbele anaachwa makusudi bila mtu wa kumzuia. Mlinzi huyo akibana ndani, kwotabeki anauchomoa mpira kutoka tumboni mwa fulubeki na kukimbia pembeni. Akibaki nje, fulubeki anaondoka nao. Huko pembeni mlinzi wa pili naye ameachwa bila kuzuiwa: akimvamia kwotabeki, mpira unatupwa kwa mkimbiaji wa pembeni, akimfuata mkimbiaji, kwotabeki anakata kuelekea mbele. Njia ni tatu, na wanaozichagua ni walinzi wenyewe.

Nguvu ya mpango huu ni hesabu. Kila timu ina watu 11. Kwotabeki akishatoa mpira kwa mwenzake, kwa kawaida hazuii mtu yeyote, na mbeba mpira hawezi kujizuilia mwenyewe, kwa hiyo walinzi huwa na watu wa ziada. Ukiwaacha walinzi wawili bila kuwazuia na bado ukawashinda kwa kuwasoma, umewapata wachezaji wawili wa kuwazuia wengine. Ndiyo sababu timu zenye vijana wadogo wa umbo ziliupenda mchezo huu, na ndiyo sababu vyuo vitatu vya kijeshi, yaani Army kule West Point, Navy kule Annapolis na Air Force kule Colorado, viliushikilia wakati wengine walipouacha. Mwanafunzi wa vyuo hivyo anaandaliwa kuwa ofisa wa jeshi, anatakiwa kutimiza viwango vya uzito na ukakamavu, na hawezi kunenepeshwa kama wachezaji wa safu ya mbele wa vyuo vikubwa.

Hapa niweke sawa jambo moja linalorudiwa sana. Opsheni ilipungua katika vyuo vikubwa kabla ya sheria hizi. Kocha Bill Yeoman aliikuza kule Houston katika miaka ya 1960, Emory Bellard akaipa sura mpya kule Texas mwaka 1968, na Texas ikashinda michezo 30 mfululizo. Oklahoma ya Barry Switzer iliishi kwayo, na Nebraska ya Tom Osborne ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1994, 1995 na 1997 kwa mchezo uliojengwa juu yake. Nebraska hiyohiyo ikaiweka kando mwaka 2004, miaka 14 kabla ya badiliko kubwa la kwanza nitakalokueleza hapa chini. Iliachwa kwa sababu vijana wenye vipaji vya kurusha na kudaka walitaka timu zinazorusha mpira, na makocha walitaka vijana hao. Anayesema kwamba sheria ndiyo iliyoiua opsheni katika vyuo vikubwa anakichukua kitu kilichotokea baadaye na kukifanya chanzo cha kilichotangulia.

Sasa tuje kwenye kuzuia kwenyewe. Walinzi wawili wakiachwa, wanabaki 9, na hao lazima wazuiwe. Namna ya kwanza ni ya juu: mzuiaji anaweka mikono kifuani mwa mpinzani, anashusha nyonga, na kumsukuma au kumng'ang'ania hadi mbeba mpira apite. Namna ya pili ni ile ambayo sisi wa uwanjani huiita kufyeka. Mzuiaji anajirusha mbele akiwa chini, bega lake likigonga paja la mpinzani juu kidogo ya goti, kichwa kikiwa mbele ya mwili wa mpinzani upande ule anakotaka kwenda. Usimwone kama mtu anayepiga ngwala, kwa sababu miguu yake haihusiki; ni bega, na likifanywa sawasawa ni ufundi unaohitaji mazoezi mengi. Faida yake ni kwamba mtu wa kilo 85 anaweza kumwangusha mtu wa kilo 130, na mlinzi aliye chini hamkabi mtu. Kuzuia kwa juu kunakudai umshike mpinzani kwa sekunde tatu au nne. Kufyeka kunakudai umguse mara moja tu.

Ubaya wake nao hauhitaji maelezo marefu. Goti limeumbwa kukunjwa nyuma, halikuumbwa kukunjwa kwa upande. Mlinzi aliyetia mguu mmoja chini, macho yake yakiwa kwa mbeba mpira, akigongwa na bega asiloliona, uzito wake wote na wa mwenzake unalishukia goti moja. Nimewahi kusimama hatua tano kutoka mahali hilo lilipotokea. Kijana hakupiga kelele. Alikaa tu, akalishika goti kwa mikono miwili, na hakunyanyuka mpaka walipomjia na machela. Tangu siku ile, kila ninapowasikia makocha wenzangu wakilalamika kwamba wameporwa silaha yao, nawaelewa, lakini siungi mkono kurudishwa kwake.

Sheria haikuja kwa mkupuo. Kushirikiana wawili kumpiga mtu mmoja, mmoja juu na mwingine chini, kumekatazwa vyuoni tangu zamani, na hilo halihusiani na mabadiliko ya karibuni. Mwaka 2018 chama cha michezo cha vyuo, NCAA, kiliamua kwamba hakuna kufyeka zaidi ya yadi 5 mbele ya mstari wa kuanzia, yaani pale mpira unapowekwa kabla ya kutolewa, na kwamba mtu yeyote asiyekuwa wa safu ya ndani akifyeka, lazima amfikie mpinzani kutoka mbele. Hilo lilimgusa mara moja mkimbiaji wa pembeni anayepanda juu kumtafuta mlinzi wa nyuma, kwa sababu mlinzi huyo husimama mbali kuliko yadi 5. Mwaka 2019 kikakatazwa kizuizi cha nguvu kwa mtu asiyekuona, na hapo wapokeaji wa pasi wa pembeni waliokuwa wakirudi ndani kumvamia mlinzi wa mstari wa pili walilazimika kujifunza upya. Kisha mwaka 2022 ukafungwa mlango uliobaki: nje ya kile tunachokiita sanduku la katikati, hakuna kufyeka kabisa.

Sanduku hilo ndilo ufunguo wa ulichokiona kwenye televisheni, kwa hiyo lichore kichwani. Mchukue yule anayeinama na kuutoa mpira kati ya miguu yake. Pima yadi 5 kuliani kwake na yadi 5 kushotoni, kisha vuta mistari miwili kurudi nyuma. Wachezaji wa safu ya mbele walioanza ndani ya eneo hilo bado wanaruhusiwa kufyeka humo, na wakimbiaji waliosimama tuli nyuma ya safu hiyo wanaruhusiwa pia, mradi wamfikie mpinzani kutoka mbele. Aliyeanza nje ya eneo, au aliyekuwa ameshaanza kusogea mpira ulipotolewa, haruhusiwi. Tena ruhusa hiyo inakoma mara mpira unapotoka katika sanduku.

Basi mchezaji mnene uliyemwona alikuwa wa safu ya mbele, alianza ndani, na mpira ulikuwa bado ndani. Mwenzake mwembamba karibu na mstari wa pembeni hakuwa na ruhusa hata kama angefanya kwa ustadi wa malaika, na yadi 15 alizoigharimu timu yake ni adhabu iliyoandikwa. Mwamuzi halinganishi jinsi walivyoanguka. Anajiuliza ni nani aliyefyeka, alianzia wapi, na mpira uko wapi wakati huo. Ukijiuliza hayo utaanza kuiona sheria kama anavyoiona yeye.

Kifungu kile cha mwisho, cha mpira kutoka katika sanduku, ndicho watu wengi wasichokitilia maanani, nacho kinaiuma opsheni kuliko mchezo mwingine wowote. Timu inayorusha mpira humweka kwotabeki katikati, mpira ukabaki ndani ya sanduku kwa sekunde kadhaa. Katika opsheni kwotabeki anaondoka kuelekea pembeni mara moja. Mchezaji wa safu aliye upande wa pili, ambaye kazi yake ni kumkata mlinzi asikimbilie mpira kutoka nyuma, anaweza kuanza kujirusha akiwa ndani ya ruhusa na kumgusa mpinzani baada ya ruhusa kwisha. Ni tofauti ya kufumba na kufumbua, na hakuna kocha mwenye busara anayemwambia kijana abahatishe yadi 15 kwa kipimo kama hicho. Kwa hiyo hata ndani ya safu, timu za opsheni sasa hufyeka kidogo kuliko zinavyoruhusiwa.

Kubwa zaidi ni lililowapata walinzi. Tazama picha za michezo ya Navy au Georgia Tech ya Paul Johnson kabla ya 2018, umwangalie mlinzi wa pembeni, usiufuate mpira. Utamwona amepinda mgongo, mikono ikining'inia karibu na magoti, macho yakimtafuta mzuiaji, miguu ikirudi nyuma kwa hatua fupi. Anayalinda magoti yake. Mkimbiaji anapofika, mlinzi yule bado anatazama chini, na nusu sekunde aliyoipoteza ndiyo yadi 10 za mchezo. Sasa mtazame mlinzi wa leo: kifua kiko juu, mikono imetangulia, anamsukuma mzuiaji huku jicho lake likiwa kwa mwenye mpira. Hata pale asipofyekwa, zamani hofu ya kufyekwa ilikuwa ikifanya kazi ya kumzuia. Hofu hiyo imeondoka, na wala huwezi kuirudisha kwa maneno ya hamasa katika chumba cha kubadilishia nguo. Huo ndio upotevu wenyewe, na mtangazaji akisema kwamba mpira wa kutupwa pembeni hauzai kama zamani, hajakosea.

Lakini kutoka hapo hadi kusema opsheni imekufa ni safari ndefu, na matokeo ya uwanjani hayakubaliani nayo. Mwaka 2022, msimu wa kwanza wa sheria ya sanduku, Air Force iliongoza taifa zima kwa kukimbia na mpira, ikipata zaidi ya yadi 300 kwa kila mchezo, na ikamaliza na ushindi 10 na vipigo 3. Aliyebeba mzigo alikuwa fulubeki wake, Brad Roberts, kwa kukimbia katikati mchezo baada ya mchezo. Zingatia hapo: mchezo ulihamia ndani, mahali ambapo sheria bado inawaruhusu wazuiaji kutumia mbinu zote mbili, na ambapo mlinzi anayesomwa bado anasomwa vilevile. Mlinzi aliyeachwa bila kuzuiwa hakuwahi kufyekwa, kwa hiyo sheria ya kufyeka haimhusu. Watu wanaosahau hilo wameiona opsheni kama mpira wa kutupwa pembeni tu, wakati moyo wake ni ule uchaguzi wa kwanza wa kumpa au kutompa fulubeki.

Habari ya Army ina mafunzo zaidi, kwa kuwa wao walijaribu njia mbili kwa misimu miwili mfululizo chini ya kocha yuleyule, Jeff Monken. Mwaka 2023, sheria ya kuzuia ikiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa, walimrudisha kwotabeki nyuma, mbali na mtoa mpira, na kuuelekeza mchezo wao kwenye mtindo unaofanana na wa timu nyingine. Walimaliza na ushindi 6 na vipigo 6. Mwaka 2024 walirejea karibu na asili yao, kwotabeki akiwa mara nyingi papo hapo nyuma ya mtoa mpira, lakini hawakuirudisha opsheni ya zamani kama ilivyokuwa. Bryson Daily, kwotabeki mwenye umbo la fulubeki, alikuwa akiubeba mpira mwenyewe nyuma ya wazuiaji wengi waliojazana upande mmoja, na alimaliza msimu akiwa amefunga kwa kukimbia mara 32. Timu ilishinda michezo 12 na kupoteza 2, ikatwaa ubingwa wa muungano wa vyuo inamochezea katika mwaka wake wa kwanza humo, na safu yake ya mbele ikapewa tuzo ya Joe Moore, inayotolewa kwa safu bora kuliko zote za vyuo. Wale vijana wepesi wa kilo walipewa tuzo hiyo katika zama ambazo tuliambiwa hawataweza kuzuia bila kufyeka. Nakiri kwamba habari hiyo ilinifurahisha kuliko ubingwa wenyewe.

Navy nao hawakuachwa nyuma. Baada ya misimu kadhaa migumu walileta mwaka 2024 mfumo wa Drew Cronic, unaochanganya mbinu za kale za kupishana kwa wakimbiaji nyuma ya safu na usomaji wa opsheni, pamoja na pasi nyingi zaidi. Walishinda michezo 10, wakaifunga Army 31–13 mwezi Desemba, kisha wakaifunga Oklahoma 21–20. Kupishana huko kuna maana yake kwa habari yetu: kama huwezi tena kumwangusha mlinzi, unaweza kumfanya akanyage hatua mbili kwa upande usiofaa, naye mzuiaji wa juu akamkuta ameshajitoa katika nafasi yake. Kazi iliyofanywa na bega sasa inafanywa na hadaa.

Na kuna opsheni nyingine ambayo pengine umeitazama bila kuitambua. Karibu kila timu ya chuo leo ina mchezo ambao kwotabeki anamtazama mlinzi wa mstari wa pili, kisha anaamua ama kumpa mpira mkimbiaji ama kuurusha nyuma ya mgongo wa mlinzi huyo. Ni usomaji uleule, isipokuwa pasi imechukua nafasi ya mpira wa kutupwa pembeni. Mchezo huo unasaidiwa na sheria, kwa kuwa wachezaji wa safu wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 mbele wakati pasi inarushwa, na kwa macho ya mlinzi inaonekana kama wanakimbiza mpira. Sheria moja imeibana opsheni ya kale pembeni, na nyingine inaiachia nafasi opsheni ya leo katikati.

Sasa nije kwa kijana wako, kwa sababu hapa ndipo ninapoamini umepotoshwa zaidi. Ohio, kama majimbo mengi ya Marekani, hutumia sheria za sekondari za kitaifa, na sheria hizo ni kali kuliko za vyuo. Kufyeka kunaruhusiwa ndani ya eneo dogo tu linalopimwa yadi 4 kila upande wa mpira na yadi 3 mbele na nyuma ya mstari, kunawahusu waliokuwa kwenye mstari na ndani ya eneo hilo mpira ulipotolewa, na ruhusa inakwisha mpira ukishatoka humo. Mkimbiaji wa pembeni hakuwahi kuwamo. Kwa maneno mengine, mwanao hajawahi hata siku moja kuruhusiwa kumfyeka mlinzi wa pembeni, na kila kizuizi alichofanya kihalali tangu aanze kucheza kilikuwa cha juu. Mabadiliko ya 2018 na 2022 yameufanya mchezo wa chuo umfuate alipo yeye. Waliopata taabu ni wale waliofika chuoni, wakafundishwa kufyeka kwa miaka miwili au mitatu, kisha wakaambiwa waache.

Hilo halimwondolei kazi. Kumzuia kwa juu mlinzi wa sekondari ni jambo moja, na kumzuia mlinzi wa chuo mwenye kilo 90 anayekimbia kama swala ni jambo lingine. Mtazame akizuia, na uangalie miguu kabla ya mikono. Kosa la vijana wengi wa kilo zake ni kufika kwa kasi wakiwa wamesimama wima, wakagongana mara moja na mpinzani, kisha wakabaki wamemshika jezi kwa nje ya mabega. Mwamuzi ataona kushikilia, na hiyo ni yadi 10. Anatakiwa apunguze mwendo hatua mbili kabla ya kufika, ashushe nyonga, miguu ipanuke na iendelee kukanyaga kwa hatua fupi, na viganja vitue ndani ya kifua cha mpinzani, vidole gumba vikielekea juu. Halafu asimsukume mbio. Amwache achague upande, kisha amsindikize hukohuko anakokwenda, kwa sababu mwenye mpira atapita upande mwingine. Hata hapo, ndugu yangu, kuna usomaji. Kichwa kiwe juu wakati wote, macho yakimwona anayemzuia. Kuhamia kwenye kuzuia kwa juu kunayapunguzia magoti hatari, lakini kunaileta mikono, mabega na vichwa karibu zaidi, na kijana anayeinamisha kichwa anajiweka katika hatari mbaya kuliko ya goti.

Je, abadilishe nafasi? Mimi nisingemhamisha sasa. Mkimbiaji wa pembeni anayejua kuzuia kwa juu, kudaka mpira na kukimbia kwa kupishana ndiye mtu ambaye mifumo ya sasa ya Army, Navy na Air Force inamtumia kwa njia nyingi. Ningemwongezea kudaka, kwa kuwa mkimbiaji wa opsheni asiyedaka pasi ana soko finyu kuliko zamani. Kama mwili wake hautaongezeka kufikia mwaka wa mwisho wa sekondari, kucheza ulinzi wa pembeni ni njia halali ya pili, hasa kwa kijana ambaye amekwisha kujua opsheni inavyomtega mlinzi. Ulinzi wa mbele na nafasi ya fulubeki nisingempendekezea. Kwa kilo 75 atalazimika kuubadili mwili wake kwa haraka isiyo salama. Tena usimruhusu mtu yeyote amjaze chakula na virutubisho ili apate kilo 15 kwa mwaka kwa ajili ya chuo ambacho baadaye kitampima uzito kama ofisa.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyamaliza. Mwombe kocha wake amwalike mwamuzi wa jimbo aje mazoezini kabla ya msimu kuanza. Waamuzi wengi hufanya hivyo kwa moyo, na nusu saa ya kuonyeshwa mpaka wa eneo la kuzuia kwa kamba iliyolazwa kwenye nyasi ina thamani kuliko kurasa hizi. Kuhusu vyuo vya kijeshi, zungumza mapema na ofisi ya udahili ya chuo chenyewe, si na watu wa mitandaoni. Kwa kawaida mwombaji anatakiwa awe raia wa Marekani, apate uteuzi ambao mara nyingi hutoka kwa mjumbe wa Bunge la nchi hiyo, na aelewe kwamba baada ya masomo atalitumikia jeshi kwa miaka mitano au zaidi. Kwa familia iliyohamia, suala la uraia linaweza kuchukua muda mrefu kuliko msimu wowote wa mpira, na kama karatasi hazijakamilika, mtafute mwanasheria wa uhamiaji mwaka huu, usingoje wa mwisho.

Na kuhusu magoti yake, usitegemee kocha wala mimi. Akianguka akasikia mlio ndani ya goti, likavimba ndani ya saa chache, au likawa linamwachia anapogeuka, asirudi uwanjani siku hiyo, hata kama anasema anaweza, na aonwe na daktari wa michezo. Vivyo hivyo akigongwa kichwa akaumwa kichwa, akapata kizunguzungu au akasahau mchezo uliopita. Yaweke maandishi ya daktari katika jalada moja nyumbani, pamoja na picha za goti zitakazopigwa, kwa sababu vyuo vya kijeshi humpima kila mwombaji afya na kuuliza kuhusu majeraha ya zamani, na goti lililotibiwa likapona, kukiwa na barua ya daktari inayosema hivyo, ni rahisi kulieleza kuliko goti ambalo kijana alilificha ili acheze Ijumaa moja.